Ng'ambo ya Ruvuma Nako ni Ugenini

"Palma kumefunguka." Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 maneno hayo mawili yanasikika kila mahali Mtwara: stendi ya Mkanaledi, kwenye gereji za pikipiki, kwenye vijiwe vya kahawa vya Mikindani. Chanzo chake ni tangazo la Novemba 2025, pale kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa iliposema inaufufua rasmi mradi wake wa gesi katika rasi ya Afungi, karibu na mji wa Palma kaskazini mwa Msumbiji, mradi uliokuwa umesimamishwa tangu Aprili 2021. Huu ni mradi unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 20 za Marekani, na gesi ya kwanza inatarajiwa mwaka 2029. Kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma, akakisubiri kiwanda cha gesi cha Likong'o kule Lindi hadi ujana ukaanza kumpita, akiisikia habari hiyo hawezi kutulia. Anakunja nguo mbili tatu kwenye begi, anapanda gari la Kilambo, anavuka.

Habari yenyewe ni ya kweli. Ninachokipinga ni tafsiri tuliyoipa. Tumeipokea kama taarifa kwamba jirani amefungua mlango, ilhali inahusu soko la ajira la nchi nyingine, lenye sheria zake, lugha yake, na vita ambayo haijazimika. Mtu wa Mtwara anayekwenda Muscat au Dubai hunasihiwa na ukoo mzima: usisaini usichokielewa, usimwachie mwajiri paspoti yako, andika namba ya ubalozi mahali pawili, mpe mama nakala ya mkataba. Anayevuka Ruvuma huambiwa "wasalimie" basi. Hoja yangu ni kwamba huyu wa pili ndiye anayehitaji nasaha zaidi. Ukaribu wa Msumbiji unamfanya aache nyumbani karatasi, maswali na hadhari ambazo asingethubutu kuziacha kama angekuwa anakwenda kupanda ndege.

Sikiliza maneno tunayoyatumia wenyewe. Anayekwenda Afrika Kusini bila kibali tunasema amezamia, na ndani ya neno hilo mna hofu: mtu amejitupa majini, hajulikani ataibukia wapi. Anayekwenda Ulaya yuko majuu. Anayekwenda Msumbiji amevuka tu, kama mtu aliyevuka barabara kununua chumvi. Neno hilo halikutoka hewani. Mto Ruvuma uligeuzwa mpaka na Wajerumani na Wareno, na Wamakonde, Wamakua na Wayao wakajikuta wako pande zote mbili bila kuulizwa. Enzi za Wareno, kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha kulazimishwa viliwasukuma maelfu kuja kaskazini, wakakata mkonge Lindi, Mtwara hadi Tanga. Baada ya mauaji yaliyofanywa na Wareno Mueda tarehe 16 Juni 1960, na hasa vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi walipokelewa huku kwetu, Rutamba ikiwa mojawapo ya makazi yao, na wapiganaji wa FRELIMO wakafunzwa Nachingwea. Kuna familia nyingi Mtwara na Lindi ambazo babu alizaliwa ng'ambo na mjukuu ameolewa ng'ambo. Daraja lililofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010 liliitwa Daraja la Umoja, na jina hilo halikumshangaza mtu yeyote huku Kusini.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu anayesema kwamba Msumbiji ni kwao. Ni kwao kama mgeni, tena mgeni anayependwa. Lakini wazee wetu walitofautisha ugeni na kazi zamani sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa sheria za nchi unaishia hapohapo kwenye jembe. Raia wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, anaruhusiwa kuingia Msumbiji bila viza kwa matembezi ya muda mfupi, akigongewa muhuri mpakani. Ruhusa hiyo ni ya zile siku mbili. Akishika jembe, yaani akifanya kazi ya malipo, akifungua genge, akiendesha pikipiki ya abiria, anahitaji ruhusa nyingine kabisa. Wengi wanaamini kwamba "jumuiya" imeshafuta jambo hili. Soko la pamoja lililoanza Julai 2010 ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Msumbiji si mwanachama. Itifaki ya SADC kuhusu urahisishaji wa safari za watu ilisainiwa mwaka 2005 na mpaka leo haijaanza kutumika kwa sababu nchi zilizoiridhia hazijatimia. Paspoti ya Tanzania imeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada, lakini kule Namoto, kituo cha mpakani upande wa Msumbiji, haimpi mtu haki ya kuajiriwa.

Binamu yangu alivuka akiwa na muhuri wa matembezi, akaajiriwa na tajiri mmoja wa mbao. Miezi miwili alilipwa vizuri. Wa tatu na wa nne hakulipwa, na alipodai, aliulizwa kibali chake kiko wapi. Alirudi Mtwara na nguo alizovaa. Sisemi kisa chake ni cha kila mtu. Nakitaja kwa sababu yule tajiri hakuhitaji kumtishia kwa bunduki wala kwa askari. Swali moja lilitosha. Asiye na kibali hana mahali pa kushtaki, na mwajiri anayemwajiri bila kibali analijua hilo tangu siku ya kwanza. Wapo waajiri wanaomtaka mgeni kwa sababu hiyo tu.

Hapa ndipo inapokuja hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba sisi ni ndugu, mpaka ni wa mkoloni, na Msumbiji tunaidai fadhila za ukombozi, hivyo kumdai Mmakonde wa Newala kibali cha kazi Mueda ni utovu wa shukrani. Tuanze na sisi wenyewe. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara: uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, biashara ya jumla na rejareja, uchimbaji mdogo, hata ununuzi wa mazao shambani. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Amri hiyo haikumtenga ndugu wa Msumbiji. Mmakonde wa Mueda akija kununua korosho shambani Tandahimba, hatutamuuliza babu yake alipigana wapi. Ikiwa tumeona ni haki kulinda genge la Mtanzania kwa sheria, hatuwezi kushangaa jirani akililinda la kwake. Undugu ni sababu nzuri ya kulazwa na kulishwa. Mbele ya ofisa kazi haujawahi kuwa hati.

Tena kuna kosa la hesabu katika matumaini yetu. Tunaposikia dola bilioni 20 tunadhani kazi zitamwagika hadi huku. Sheria ya kazi ya Msumbiji, iliyoandikwa upya mwaka 2023, inaweka ukomo wa wageni katika kila kampuni: asilimia 5 ya wafanyakazi katika kampuni kubwa, 8 katika za kati, 10 katika ndogo. Gereji ya watu 20 inaruhusiwa wageni wawili. Kampuni ya ujenzi ya watu 200 inaruhusiwa kumi, na hao kumi kwa kawaida ni wahandisi na mafundi waliokwisha kufanya miradi ya gesi katika nchi nyingine. Vijana wa Palma wenyewe wamelalamika miaka yote hii kwamba kazi za Afungi zinawapita, na serikali yao inawasikiliza kwanza wao, kama tulivyotaka sisi tusikilizwe mwaka 2013 gesi ya Mtwara ilipokuwa inapelekwa Dar es Salaam. Kinachobaki kwa anayevuka bila mpango ni kazi za pembeni: mbao, samaki, ufundi wa pikipiki, mama lishe, kubeba mizigo. Hizo ndizo kazi ambazo mgeni anaonekana haraka na kuchukiwa haraka.

Mwenye ujuzi wa kweli anaweza kupata nafasi kihalali, na yeye ndiye ningependa anisikilize kwa makini. Utaratibu unaanzia kwa mwajiri. Kampuni ndiyo inayoomba ruhusa ya kumwajiri mgeni, na mkataba wa mgeni ni wa maandishi na wa muda maalumu, usiozidi miaka miwili kwa mara moja, ingawa unaweza kuhuishwa. Baada ya hapo mfanyakazi anaomba viza ya kazi katika ubalozi wa Msumbiji, kwa maana yetu Dar es Salaam, kabla ya kuondoka. Akishafika anapata kitambulisho cha mgeni mkaazi, kinachojulikana kule kama DIRE. Ukishaujua mlolongo huo, unamtambua tapeli bila kumwangalia usoni. Dalali anayekuambia umpe laki tano akutafutie kibali ukiwa huna mwajiri anauza kitu ambacho hana. Dalali anayesema "ingia kwanza kama mtalii, tutarekebisha hukohuko" anakupeleka kwenye hali ya binamu yangu.

Halafu kuna lugha, na hapa Kiswahili chetu kinatudanganya kwa upole. Pwani yote ya Cabo Delgado, mkoa ilimo Palma, utasikia Kiswahili na Kimwani kilicho jirani yake. Ukipanda nyanda za juu utasikia Kimakonde. Unaweza kuishi mwaka mzima, ukanunua, ukaswali, ukaoa, bila kuhitaji lugha nyingine. Lakini mkataba umeandikwa Kireno. Hati ya polisi, risiti ya mshahara, karatasi ya hospitali, vyote ni Kireno. Tumeazima kwa Wareno maneno meza, bendera na leso, na hayo hayamsaidii mtu kusoma kifungu kinachosema atakatwa nini. Neno la kwanza la kujifunza liwe contrato, la pili salário, la tatu assinatura, na mtu asiweke saini yake mpaka amepata mwenyeji asiye wa upande wa mwajiri amsomee. Aulize pia kama ataandikishwa katika INSS, hifadhi ya jamii ya kule, ambako mfanyakazi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 4. Mwajiri akilikwepa swali hilo, kuna uwezekano mkubwa kwamba hata mkataba wenyewe haujapelekwa kokote.

Jambo ambalo halizungumzwi vijiweni kwa sababu linauma ni vita. Mashambulizi ya waasi wenye msimamo mkali wa kidini yalianza Mocímboa da Praia, kusini mwa Palma, Oktoba 2017. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, nacho kilishambuliwa, na wapo watu Mtwara ambao hawajarudi kulala kwa amani tangu usiku ule. Askari wa Rwanda wako Cabo Delgado tangu Julai 2021, na hali imetulia katika maeneo ya mradi kiasi cha kuirudisha kampuni, lakini vikundi havijakwisha, na barabara iliyo salama mwezi huu inaweza isiwe salama mwezi ujao. Kwa Mtanzania hatari ni mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu: kukutwa njiani. Ya pili ni yetu hasa. Inajulikana kwamba miongoni mwa wapiganaji wamekuwamo Watanzania. Kesi kubwa ya mashambulizi hayo iliyoanza Oktoba 2018 katika mji wa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, ilikuwa na washtakiwa Watanzania, na Novemba 2020 wakuu wa polisi wa nchi hizi mbili walikutana Mtwara kusaini makubaliano ya kushirikiana. Sasa jiweke kwenye nafasi ya askari kijana wa kwenye kizuizi cha barabarani, aliyepoteza wenzake, anayemwona mwanamume wa miaka 25, peke yake, Kiswahili cha Tanzania mdomoni, hana paspoti, hana muhuri, hana mkataba, na anasema amekuja kutafuta maisha. Anaweza kuwa anasema kweli tupu. Atajuaje? Katika mazingira hayo paspoti yenye muhuri ni kinga ya mwili, na mkataba wenye jina la mwajiri na namba ya simu ni shahidi anayejibu pale wewe usipoaminiwa.

Kwa sababu hiyohiyo wapo wanaosema, na kwa nia njema, kwamba tuwazuie kabisa. Mzazi akisema hivyo namwelewa. Kiongozi akisema hivyo namwomba atafakari tena. Ruvuma ni mto mrefu, na kiangazi kuna mahali mtu anauvuka kwa miguu. Ukifunga Kilambo na Mtambaswala, hutazuia safari. Utaihamishia kwenye mitumbwi ya usiku, ambako hakuna anayeandika jina la msafiri. Aliyepita kizuizi rasmi ameacha alama. Familia ikimtafuta baada ya miezi mitatu, kuna mahali pa kuanzia kuuliza.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni nyingine, na nimeifikiria kwa muda mrefu bila kupata jibu linaloniridhisha. Karatasi ni ghali. Paspoti ni shilingi 150,000, kabla ya nauli, picha na siku za kushinda ofisini. Kwa anayekwenda Dubai, wakala au ndugu humkopesha. Kwa kijana wa Nanyamba anayetaka kubeba mbao miezi minne kati ya msimu na msimu wa korosho, hizo ni pesa ambazo kama angekuwa nazo asingevuka. Ukimwambia mtu huyo aombe viza ya kazi Dar es Salaam, umemwambia asiende, kwa maneno ya adabu. Nakubali kwamba utaratibu uliopo ulitengenezwa kwa ajili ya wahandisi, na kwamba watu wa mpakani hawakufikiriwa. Serikali hizi mbili zilipokutana kuzungumzia usalama wa mpaka zingeweza pia kuzungumzia kibali rahisi cha vibarua wa msimu wanaoishi wilaya za mpakani, kwa bei wanayoimudu. Mpaka hapo itakapofanyika, kuna hatua zisizo na gharama kubwa: kupita kwenye kituo na kugongewa muhuri hata kama ni matembezi, kuzihesabu siku na kurudi kabla hazijaisha, kuacha kwa mwenyekiti wa kijiji jina la unakokwenda na la mwenyeji wako, kutembea na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Mwenye dawa za kila siku abebe za kutosha na kadi yake ya kliniki. Pesa asizirundike mfukoni akidhani atazituma kwa simu atakavyo, kwani M-Pesa ipo kule, lakini ni akaunti ya kule na hufunguliwa kwa hati za kule.

Kuna njia moja rahisi ambayo naisihi kila familia iikatae. Ndugu wa ng'ambo, kwa mapenzi, hujitolea kumwandikisha mgeni kama mtoto wake ili apate bilhete, kitambulisho cha raia wa Msumbiji. Inaonekana ni msaada. Lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na hati iliyopatikana kwa jina la baba asiye wako ni kosa kwao na mtego kwako. Siku utakapohitaji paspoti ya Tanzania, au kugombea hata uenyekiti wa kijiji, au kugawana shamba la mikorosho na ndugu wasiokupenda, mtu ataitoa karatasi ile. Mwaka 2025 Bunge lilibadilisha sheria ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalumu. Mjadala wake ulijaa majina ya Washington na London, na sikuusikia ukimtaja mtu wa Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja, mwenye mama Masasi. Yeye pia ni diaspora. Watanzania waliotawanyika hadi ng'ambo ya Ruvuma wanastahili kuhesabiwa na kushauriwa kama wale wa majuu. Ubalozi wetu uko Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Palma, hivyo anayekamatwa Nangade, wilaya ya Cabo Delgado iliyo mpakani, yuko mbali na msaada kuliko anayekamatwa Muscat, mji ambao ubalozi wetu uko humohumo.

Mengi ya kufanya yako hapahapa mkoani. VETA Mtwara na VETA Lindi zilifundisha vijana ufundi wakati wa matumaini makubwa ya gesi, na zingeweza kuwaongezea Kireno cha mikataba, saa chache kwa wiki. Walimu hawakosekani katika mji wenye watu waliosoma Pemba na Nampula. Halmashauri za Nanyumbu, Newala, Tandahimba na Mtwara zingeweza kuwa na daftari la wanaovuka, kila kijiji lake, bila kumtoza mtu chochote na bila kumtisha. Na pale Kilambo, ambako kuvuka hutegemea maji kujaa na kupwa, watu hukaa chini ya miti saa nyingi wakisubiri. Ofisa mmoja anayejua Kimakonde, akisimama pale na mfano wa mkataba wa Kireno mkononi, anaweza kuwaonyesha ni mstari upi una mshahara na ni upi una makato kabla maji hayajafika.